Mwalimu wa mainasi sita na nusu, na yule bwana wa Twilight Zone aliyevunja miwani

"Shikamoo daktari. Juzi usiku nimeangalia episodi moja ya zamani ya Twilight Zone, ile tamthilia ya TV ya Marekani, zile za bila rangi, inaitwa Time Enough at Last. Kuna bwana anapenda kusoma kuliko kitu chochote, bomu linaua mji mzima anabaki yeye tu na maktaba, halafu miwani inamwangukia inavunjika na kusoma ndo basi. Nililia kweli. Mimi ni mwalimu, nina miaka 33, navaa miwani ya mainasi sita na nusu (ya kuonea mbali) macho yote na miwani ninayo moja tu. Je, ikinivunjikia na mimi siwezi kusoma tena? Mume wangu anasema miwani ndo inaharibu macho, nikiwa nyumbani nivue ili macho yafanye mazoezi, ni kweli? Mama alinunua miwani ya kusomea stendi, naweza kuiweka kama akiba? Au nijichange nifanye leza niachane na haya mambo? Halafu kitu kidogo tu, wiki mbili hizi jicho la kulia naona vidude vyeusi vinaelea kama nyuzi, na usiku nikigeuza macho haraka naona kama flashi ya kamera pembeni, nadhani ni uchovu wa kusahihisha mitihani."

Marahaba mwalimu. Umeandika mengi kuhusu miwani ukamalizia na mistari miwili ya "kitu kidogo", na hiyo mistari miwili ndo imenifanya nikujibu haraka hivi, kwa hiyo tuanze nayo halafu filamu itafuata.

Vidude vinavyoelea kama unavyo miaka yote na havijabadilika, mara nyingi havina neno, watu kibao wanavyo. Ila vikija vipya, ndani ya wiki mbili, jicho moja, tena na mwanga unaopiga pembeni, kwa mtu wa mainasi sita na nusu, hapo siwezi kukubali kwamba ni uchovu mpaka mtu aangalie ndani ya jicho. Kesho asubuhi nenda hospitali yenye daktari wa macho, siyo duka la miwani, na mwambie maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Atakuwekea matone ya kupanua mboni ili aione retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mpaka pembeni kabisa. Mara nyingi kinachokutwa ni kwamba ule ute wa ndani ya jicho umejitenga na retina bila kuchana kitu, hilo linawapata watu wengi umri ukienda na kwa wenye mainasi kubwa linawahi, basi unaambiwa tu urudi kuangaliwa tena. Lakini ikikutwa retina imechanika, mpasuko unaweza kuzungushiwa leza, mara nyingi bila hata kulazwa, na unarudi nyumbani. Ukingoja mpaka ibanduke, hiyo ni operesheni kubwa na siyo kila mara uwezo wa kuona unarudi wote. Na ukiona kivuli kinafunika upande mmoja wa jicho kama pazia, usisubiri kesho, ondoka saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Matone yatakufanya uone ukungu kwa masaa kadhaa kwa hiyo usiendeshe chombo chochote, mumeo akusindikize.

Haya, Bwana Henry Bemis sasa, yule wa kwenye episodi.

Kwa wasioijua, ile episodi ilirushwa na kituo cha CBS tarehe 20 Novemba 1959, msimu wa kwanza kabisa wa Twilight Zone. Rod Serling aliandika mchezo kutokana na hadithi fupi ya mwanamama Lynn Venable iliyotoka kwenye jarida la If mwaka 1953, na anayecheza Bemis ni Burgess Meredith. Karani wa benki, miwani minene, kazini bosi anamkataza kusoma, nyumbani mke ni balaa zaidi, anamwomba amsomee kitabu cha mashairi kumbe kurasa zote ameshazichora mistari hazisomeki. Siku moja kajificha kwenye chumba cha kuhifadhia hela ale chakula chake na asome, bomu la haidrojeni linapigwa. Anatoka nje hamna mtu. Karibu ajiue kwa upweke, ndipo anaona maktaba, vitabu vimetapakaa kwenye ngazi, anavipanga mafungu mafungu, mwezi huu hivi, mwezi ujao vile, anainama kuchukua kimoja, miwani inateleza puani, pwaa. (Mionzi ya bomu hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Ni miwani tu.)

Wewe umelia kwa sababu umejiona wewe pale kwenye ngazi. Ndo nataka tuliangalie hilo kwa sababu nadhani ugonjwa wa Bemis siyo wako.

Kwenye ile filamu hakuna anayesema macho ya Bemis yana tatizo gani. Tunaambiwa tu bila miwani hajiwezi. Na watu tunaweka "haoni bila miwani" kwenye kapu moja wakati kuna aina zaidi ya moja, na aina mbili kubwa zinaenda kinyume kabisa. Fikiria projekta ya banda la video na ukuta, projekta ni lenzi ya jicho na ukuta ni retina. Picha inatulia vizuri pale ukuta unapokaa umbali sahihi na lenzi. Mtu wa mainasi jicho lake ni refu, yaani ukuta uko nyuma mno, picha ya kitu cha mbali inatulia kabla haijafika, ikifika ukutani imeshatawanyika. Mtu wa plasi jicho lake ni fupi au lenzi yake ni dhaifu, ukuta uko karibu mno, picha inafika kabla haijatulia. Sasa ukisogeza kitu karibu na jicho, ile sehemu picha inapotulia inarudi nyuma. Kwa mwenye mainasi ni bahati, picha inaenda kuukuta ukuta wake kulekule ulipo. Kwa mwenye plasi mambo yanazidi kuharibika.

Na hesabu yake ni rahisi hata kwa mwalimu wa historia. Chukua 100 gawa kwa namba yako, jibu ni sentimita. 100 kwa 6.5 ni kama 15. Maana yake bila miwani kitu chochote kilicho sentimita 15 hivi toka jichoni unakiona safi, na cha karibu zaidi ya hapo pia kwa sababu bado una miaka 33 na lenzi ya ndani ya jicho inajikunja vizuri. Vua miwani sasa hivi, chukua kitabu, kisogeze taratibu mpaka herufi zitulie, mtu akupimie na rula. Na nina hakika hili unalijua ila hujawahi kuliunganisha, asubuhi kabla hujatoka kitandani unasoma meseji zote simu ikiwa karibu kugusana na pua, si ndiyo?

Kwa hiyo wewe ukiwa Bemis pale kwenye ngazi, miwani ikapasuka, unakaa chini, unashika kitabu karibu na uso na unasoma, Januari mpaka Disemba. Shingo itauma, ukurasa utausoma kwa vipande, lakini utasoma. Shida yako itakuwa kushuka zile ngazi na kutafuta chakula cha kopo. Na hata ukifika miaka 52, ambayo ndo ilikuwa umri wa Meredith episodi ilipotoka, bado ungesoma, ndo maana unaona wazee wenye mainasi wanavua miwani wakitaka kusoma gazeti wakati wenzao wanahangaika kuitafuta.

Ili mwisho wa ile filamu usimame inabidi Bemis awe na plasi, tena kubwa. Na mtu wa aina hiyo mwaka 1959 hakuwa wa kutunga. Zamani mtu akitolewa mtoto wa jicho ile lenzi ya asili inatoka na haiwekwi nyingine, anabaki na jicho lisilo na lenzi ndani, anapewa miwani ya plasi kumi na zaidi, minene katikati, macho yanaonekana makubwa nyuma ya kioo. Harold Ridley aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa London mwaka 1949, ila madaktari wengi walimpinga na ilichukua miongo kadhaa mpaka ikawa kawaida. Kwa hiyo kipindi cha Bemis watu wengi waliofanyiwa mtoto wa jicho walitembea na hiyo miwani minene, ukiwavua hawaoni mbali wala karibu. Huyo angelia kweli pale kwenye ngazi na mimi ningelia naye.

Kutofautisha miwani ya mainasi na ya plasi huhitaji mashine. Ishike mbali na uso, angalia kitu kupitia kwenye lenzi, isogeze kulia na kushoto. Kitu kikifuata upande ule unaosogeza ni mainasi, kikienda kinyume ni plasi. Yako nene pembeni, ya Bemis ya plasi ingekuwa nene katikati.

Hata hivyo nina ugomvi na yule bwana. Kwanza lenzi iliyovunjika haipotezi nguvu yake, kipande chochote kinachobaki kizima kinakunja mwanga kwa namba ileile, ukipata kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, ukakishika kwa uangalifu kisikukate, unaona kupitia hapo. Tatizo ni ikiwa imekuwa unga au nyufa tupu. Pili, mji mzima umekufa, hamna hata duka moja la miwani pale? Hamna lenzi ya kukuzia maandishi kwenye droo ya mtu? Tatu, na hii jaribu mwenyewe, toboa tundu dogo kwa pini kwenye karatasi ngumu, kama milimita moja tu, vua miwani, funga jicho moja, chungulia pale ukiangalia kalenda ya ukutani. Herufi zinajitokeza. Siyo uchawi, tundu linaachia miale michache inayopita katikati na kuzuia ile ya pembeni inayotawanyika, ukungu unapungua. Inafanya kazi kwa mainasi, kwa plasi, hata kwa astigmatizimu (uso wa jicho usioviringika sawasawa), ila mwanga uwe mwingi na unaona sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja, na namba ikiwa kubwa sana hupati yote. Bemis alikuwa juani mchana kweupe, pini moja ingemfikisha mbali.

Sisi kliniki hilo tundu tunalitumia kila siku. Mtu akisema haoni tunamwekea, akiona vizuri zaidi tunajua tatizo ni la miwani. Asipoona tofauti tunaanza kutafuta kwingine, mtoto wa jicho, retina, mshipa wa fahamu. Lakini usije ukalitumia kujipima hilo jicho la kulia ukasema "naona vizuri, siendi". Retina inaweza kuwa imechanika pembeni na katikati ukaona safi kabisa.

Na hapa ndo ujue kwanini nimekukazania hivyo mwanzoni. Jicho la mtu mzima wa kawaida lina kama milimita 24 toka mbele hadi nyuma, na kila milimita moja ikizidi inakuja na mainasi mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa hiyo la kwako huenda lina 26 na kidogo. Retina haiongezeki kwa sababu jicho limerefuka, ni ileile imevutwa kufunika eneo kubwa zaidi, inakuwa nyembamba, hasa pembeni. Miwani inarekebisha picha tu, urefu uko palepale. Hofu ya mtu wa mainasi kubwa ingekaa hapo kuliko kwenye fremu.

Mumeo. Mwambie kwa upole kwamba hili analosema nalisikia kila wiki na siyo kweli. Jicho lililorefuka halifupishwi kwa mazoezi, siyo kwa kuvua miwani, siyo kwa kuzungusha macho asubuhi kama wanavyoonyesha kwenye video za mtandaoni. Kinachotokea ni kwamba ubongo ukishazoea picha safi, ukivua unaona ukungu ambao zamani ulikuwa unauvumilia, basi mtu anasema miwani imemharibu. Kuna utafiti ulifanyika Malaysia kwa watoto, ukatoka mwaka 2002, wengine walipewa miwani ya namba pungufu makusudi wakidhani itapunguza kasi, na kilichoonekana ni kwamba mainasi yao iliongezeka zaidi kidogo kuliko ya wale waliopewa namba kamili. Wewe ni mtu mzima, ukivua nyumbani huharibiki, ila hupati faida yoyote na siku moja utateleza jikoni. Kama namba yako bado inapanda ukiwa na miaka 33 hilo ni la kumwambia daktari kesho.

Kwa wanafunzi wako ndo kuna cha kufanya. Guangzhou, China, waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, baada ya miaka mitatu waliopata mainasi walikuwa kama 30 katika 100, wenzao wasioongezewa 39 na ushee. Kwa hiyo mapumziko ya nje usiyakate kwa ajili ya kumalizia silabasi, na yule anayekodolea ubao macho huku anakopi kwa jirani usimwite mvivu kabla hajapimwa.

Miwani ya stendi ya mama haikufai hata dakika moja. Zile karibu zote ni plasi, za watu waliofika arobaini na kitu ambao lenzi ya ndani imekakamaa hawaoni karibu. Ukiivaa wewe unaongeza tatizo juu ya tatizo, ni kama mainasi nane au tisa sasa. Kwa mama mwenyewe inamsaidia na haimharibu macho, kasoro yake ni kwamba lenzi zote mbili zina namba moja wakati macho ya watu wengi hayalingani, na kwamba akishaona gazeti vizuri haendi kupimwa, wakati presha ya macho haiumi na haipigi hodi. Mpeleke naye siku moja, presha ya macho apimwe.

Leza siyo utapeli, inafanya kazi, na mainasi sita na nusu inawezekana kwa wengi, ila inategemea konea (kile kioo cha mbele ya jicho) iwe nene ya kutosha na umbo lake liwe zuri, namba iwe haijabadilika angalau mwaka mzima, usiwe mjamzito au unanyonyesha maana namba hucheza, na usiwe na macho makavu sana. Akikupima akasema haufai, mshukuru, usitafute mwingine wa kukukubalia. Kuna pia lenzi ndogo inayowekwa ndani ya jicho bila kutoa ya asili, kwa wenye konea nyembamba, ni ghali zaidi. Nitakachokwambia ambacho matangazo hayasemi ni viwili. Leza inachonga konea tu, jicho linabaki refu vilevile, kwa hiyo mambo ya retina yanaendelea na uchunguzi unaendelea hata kama miwani umeitupa. Na cha pili, sasa hivi ukivua miwani una lenzi ya bure ya kusomea karibu maisha yako yote, ukishafanya leza umeirudisha, ukifika arobaini na tano na wewe utakuwa stendi na mama mnachagua. Wengine wanaona ni sawa kabisa, anayeogelea au anayecheza mpira hatajuta. Mtu ambaye raha yake ni kitabu kitandani usiku, mimi ningemwambia afikirie mara mbili. Vyovyote vile hamna kuzungumzia leza mpaka hilo jicho la kulia liangaliwe.

Lenzi za kontakti, zile za kubandika juu ya jicho na kuzitoa, ni nzuri kwa mtu msafi na mwenye nidhamu, usilale nazo, usizioshe kwa maji ya bomba hata kidogo maana kuna vijidudu vya maji vinavyokula konea, na hela ya ile dawa ya kuoshea iwepo kila mwezi. Kwa mwalimu wa chaki na vumbi sijui.

Kwa hali yako ningefanya cha bei rahisi. Miwani yako ya zamani usigawe, hata kama ilikuwa mainasi tano na nusu itakufikisha nyumbani. Karatasi ya vipimo iombe, ipige picha ikae kwenye simu na kwa mumeo. Kisha tengeneza miwani ya pili fremu ya bei ya chini, hata kama ni mbaya, ikae kwenye mkoba. Lenzi chukua plastiki, polikaboneti kama ipo, siyo kioo. Zama za Bemis lenzi nyingi zilikuwa vioo, Marekani wenyewe walikuja kulazimisha lenzi zinazohimili kishindo mwaka 1972, kipimo chao ni kuidondoshea lenzi gololi ya chuma toka sentimita 127 na isivunjike. Plastiki inachubuka haraka, hiyo ndo kasoro yake, kwa hiyo acha kuifuta na kanga ikiwa na vumbi la chaki, isuuze kwa maji kwanza.

Na siku ikikuvunjikia ukiwa stendi ya mbali bila ya akiba, washa kamera ya simu, ielekeze kwenye basi, halafu isogeze simu mpaka zile sentimita 15. Kamera itaona mbali kwa niaba yako na wewe utasoma jina la basi kwenye kioo cha simu.